Jicho la mdogo wangu si taa iliyokatika waya

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nipinge mfano mmoja ambao nimeusoma magazetini mara nyingi, na ambao redio za hapa pwani huurudia kila Machi inapofika wiki ya presha ya macho, yaani glakoma. Mfano wenyewe ni huu: jicho ni taa, neva ya jicho ni waya, na waya ukikatika taa haiwaki. Basi. Wanaoutumia wana nia njema, wanataka mgonjwa aelewe upesi, na kweli huelewa upesi. Tatizo ni kile anachokielewa. Mmoja hutoka kwa daktari akiamini kilichoharibika kiko nyuma kabisa, mahali pasipofikika, na kwamba jicho lenyewe limebaki zima kama globu mpya isiyo na umeme. Mwingine huelewa kinyume, kama walivyoelewa watu wa nyumbani kwetu, kwamba jicho limekufa lote na halina tena haja ya kutazamwa na mtu. Wote wawili wamepotoshwa.

Nilifundisha bayolojia shule ya sekondari hapa Lamu mpaka nilipostaafu. Kwenye mada ya macho, kidato cha nne, kitabu kinaichora retina kama mstari mmoja uliolala ndani ya ukuta wa jicho, na mwanafunzi akiandika jina lake mbele ya mshale amepata alama yake. Mstari huo ni utando usiofika nusu milimita kwa unene. Lakini ukiukata na kuutazama kwa hadubini utakuta seli zimepangwa tabaka juu ya tabaka. Nyuma kabisa ziko zinazopokea mwanga: seli fimbo zipatazo milioni 120, za kuonea gizani, na seli koni zipatazo milioni 6, za rangi na za kusomea. Hizo hupokeza habari kwa seli za baipola, na baipola hupokeza kwa seli za ganglioni, zilizo upande wa ndani unaoelekea katikati ya jicho. Pembeni mwa safari hiyo kuna nyingine, kama zile za amakrini, ambazo kazi yao ni kulinganisha na kusawazisha habari kabla haijatoka. Mhispania Santiago Ramón y Cajal alizichora seli hizi kwa mkono mwishoni mwa karne ya 19, na michoro yake ingali inatazamwa hadi leo. Laiti mmoja wapo ungekuwamo kwenye kitabu cha kidato cha nne.

Sasa, seli za ganglioni hazizidi sana milioni moja kwa kila jicho. Kila moja ina uzi mrefu. Nyuzi zote hukusanyika mahali pamoja, zikatoka nyuma ya jicho zikiwa fungu moja, na fungu hilo ndilo neva ya jicho. Hapa ndipo ule mfano wa waya unaponikera. Waya unaweza kuuchomoa kwenye taa ukafunga mwingine. Neva ya jicho haikufungwa popote kwenye retina, kwa sababu ni mikia ya seli za retina yenyewe. Anayeiponda neva nyuma ya jicho amezijeruhi seli zilizomo ndani ya jicho, na seli hizo zina majirani.

Haya nisingejishughulisha nayo uzeeni kama si mdogo wangu. Yeye ni baharia wa jahazi. Walikuwa wakirudi kutoka Faza, upepo ukageuka ghafla, tanga likapiga upande wa pili, na foromali, ule mti unaobeba tanga, ikamgonga juu ya nyusi ya kulia. Alishuka gatini kwa miguu yake mwenyewe. Paji la uso limevimba, lakini jicho lilikuwa safi, halina hata tone la damu. Ila akifunga la kushoto hakuona kitu. Akina mama waliokuja kumjulia hali walimtazama wakatazamana wao kwa wao. "Mbona mato yake mazima?" Mmoja akashauri asomewe dua. Mwingine, naye ni wa ukoo wetu, akasema anasingizia tu ili asirudi chomboni kulilipa deni la tajiri wa chombo. Sikumjibu siku ile. Namjibu leo gazetini.

Aliyejua mambo ni kijana mmoja, afisa wa kliniki, na kifaa chake kilikuwa tochi. Alimkalisha mdogo wangu kwenye chumba chenye kiza, akalimulika jicho lile lililo zima, la kushoto, na mboni zote mbili zikasinyaa. Akaihamisha tochi upesi kwenye jicho lililoumia. Mboni zikatanuka! Mwanga uko palepale mbele ya jicho, nazo zinatanuka kana kwamba mtu amezima taa. Akairudisha tochi, zikasinyaa. Akaniita nisogee nione mwenyewe, akasema, "Mwalimu, jicho hili halipeleki habari." Mtu aweza kusingizia kwa mdomo, lakini mboni haina habari ya deni la tajiri.

Kumbe neva ya jicho, kabla ya kuingia ndani ya fuvu, hupita kwenye tundu jembamba la mfupa. Pigo la nyusini husafiri kwenye mfupa mpaka pale, nyuzi zikavutika na kupondeka, na uvimbe ukija hauna pa kwenda. Ndiyo maana jicho kwa nje laweza kuwa zuri kama la harusi. Hata ndani huonekana zuri mwanzoni. Hospitali kubwa tuliyopelekwa walipomchungulia nyuma ya jicho, kile kiduara zinapotokea nyuzi kilikuwa na rangi yake ya kawaida, ya waridi. Tuliporudi baadaye kilikuwa kimepauka. Ndivyo iwavyo: weupe huo huchukua wiki nne hadi sita hivi kujitokeza. Nikauliza, wiki hizo zote kulikuwa kukitendeka nini humo ndani? Daktari akanijibu bila kuinua macho kwenye karatasi zake, "Mshipa ulikuwa unakufa, mama." Faili ikafungwa.

Jibu hilo lilinitia hamu badala ya kunitosha. Mpwa wangu yuko chuoni Nairobi, naye hunitumia makala za watafiti kwenye simu. Nyingine nazielewa, nyingine namrudishia anieleze. Niliyoyapata ni haya.

Neva ya panya wa maabara ikikatwa karibu na jicho, seli za ganglioni hazifi siku hiyo wala kesho yake. Hukaa siku nne, tano, kama hazikuguswa. Kisha huanza kuanguka kwa wingi, na baada ya wiki mbili, 9 katika kila 10 zimeondoka. Jeraha likiwa mbali zaidi na jicho, kufa kunachelewa. Na hazifi kwa kukatwa kule, maana mwili wa seli uko ndani ya jicho salama salimini. Zinakufa kwa amri inayotolewa ndani yao wenyewe. Ule uzi ulikuwa ukiziletea kutoka ubongoni protini zinazozitunza, sasa hazifiki. Na habari ya jeraha nayo inapanda kwenye kibaki cha uzi mpaka kwenye kiini cha seli, ambako mashine ya kujiua huwashwa. Mashine hiyo imo ndani ya kila seli ya mwili wetu. Swali ni nani anayeiwasha, na nani anayeweza kuizuia. Hapo ndipo majirani wanapoingia.

Nianze na seli za Müller, zilizopewa jina la Mjerumani aliyezieleza karne ya 19. Hizi ni ndefu, zinapita retina yote kutoka upande mmoja hadi mwingine, na hulisha seli nyingine, husawazisha potasiamu, na huondoa kemikali ya glutameti iliyozidi ambayo ikiachwa huzidhuru seli za neva. Neva ya jicho ikiumia, seli za Müller hubadilika umbo na mwenendo. Hujaa protini iitwayo GFAP, ambayo kwa kawaida zina kidogo sana, mpaka watafiti huitumia kama alama ya kujua kwamba retina ina taabu. Kumbuka hizi hazina uzi hata mmoja kwenye neva. Hakuna kilichozigusa.

Tena seli hizohizo kwa samaki hufanya jambo jingine kabisa. Retina ya samaki ikiharibiwa, seli zake za Müller hurudi kama za utotoni, hugawanyika, zikatoa seli mpya za kuonea. Sisi tunaonyonyesha watoto wetu, tangu panya hadi binadamu, zetu hutengeneza kovu. Na neva ya samaki iliyokatwa huota upya mpaka ubongoni. Roger Sperry, aliyekuja kupata tuzo ya Nobel mwaka 1981, alionyesha kuota huko katika miaka ya 1940 kwa vyura na jamaa zao. Nikipita gatini asubuhi nikawaona changu wamepangwa sakafuni, hutamani nikae na mmoja nimuulize siri.

Jirani wa pili ni maikroglia, seli za ulinzi. Zikiwa na amani huwa na matawi membamba yanayopapasa kila mahali. Neva ikiumia hunenepa, matawi hufupika, zikaanza kumeza mabaki ya seli zilizokufa, nayo ni kazi njema. Lakini mwaka 2017 kundi la Ben Barres wa chuo kikuu cha Stanford, mwandishi wa kwanza akiwa Shane Liddelow, lilichapisha katika jarida la Nature kwamba maikroglia zilizoamka hutoa vitu vitatu ambavyo kwa pamoja huzigeuza seli za astrosaiti, ambazo kazi yake ni kutunza, zikawa za kuua. Walipovizuia vitu hivyo kwa panya ambao neva zao zilikuwa zimejeruhiwa, seli za ganglioni ziliishi. Nyuzi zao zilikuwa zimekwisha kukatwa, na bado ziliishi! Niliyasoma hayo usiku, nikaenda kuyasoma tena asubuhi nikiwa na miwani safi. Maana yake ni kwamba jeraha peke yake halitoshi kuua. Kuna mkono wa jirani.

Mwaka huohuo watafiti wa hospitali ya watoto ya Boston, wakina Larry Benowitz na Paul Rosenberg, walileta habari ya seli za amakrini. Nazo hazina uzi kwenye neva, hivyo pigo haliziumizi. Lakini ndani ya kama saa moja baada ya neva ya panya kupondwa, zinki hujikusanya kwenye ncha zake, palepale zinapogusana na seli za ganglioni. Siku mbili tatu baadaye zinki hiyo imehamia kwa jirani. Walipotia ndani ya jicho kemikali inayoinasa zinki, seli nyingi zaidi za ganglioni zilibaki hai, na baadhi zikaanza kuotesha nyuzi. Tena dawa hiyo ilifaa hata ilipocheleweshwa siku kadhaa. Kwa mtu wa visiwani, ambaye hospitali yenye mtaalamu ni mashua mpaka Mokowe halafu siku nzima ya basi, neno "hata ikicheleweshwa" lina uzito wake.

Hapo naomba nisieleweke vibaya, maana namjua msomaji wa barua hizi. Zinki inayosemwa ni ile iliyokuwamo ndani ya seli tangu zamani, ikatoka mahali pake. Haihusiani na chakula. Chaza wanaopasuliwa mikokoni wana zinki nyingi na hawana kosa lolote, waleni. Wala mtu asiende duka la dawa kununua vidonge vya zinki eti kutibu neva, na asije akaacha alivyoandikiwa na daktari kwa ugonjwa mwingine. Na kemikali ya kunasa zinki bado ni ya panya. Kwa binadamu aliyegongwa kama mdogo wangu, hata dawa za steroidi, za kutuliza uvimbe, kwa wingi, zilizokuwa zikitolewa kwa haraka miaka ya nyuma, hazikuonyesha faida ya wazi: utafiti wa kimataifa uliochapishwa 1999 uliwalinganisha waliopewa steroidi, waliopasuliwa na walioachwa bila tiba, ukakuta hakuna kundi lililowazidi wenzake dhahiri. Kwa waliojeruhiwa kichwa kwa ujumla, utafiti mkubwa wa 2004 ulikuta steroidi ziliongeza vifo.

Je, seli za kupokea mwanga zinakuwaje? Hapa ndipo kuna habari ambayo mdogo wangu alistahili kuambiwa siku ile. Kwa sehemu kubwa hubaki. Fimbo na koni zake za jicho la kulia ziko pale, na mwanga ukiingia zinaitika kama zamani. Kuna kipimo cha kunasa umeme mdogo wa retina kwa kumulika jicho mwanga wa ghafla. Kwa mtu ambaye neva imekufa lakini retina ya nyuma ni nzima, kipimo hicho huja karibu na cha kawaida, naye haoni chochote. Kinachopungua ni vile viwimbi vidogo vinavyotoka kwa seli za ganglioni. Mashine ya kupiga picha za tabaka nayo huonyesha tabaka la juu limekonda, na kwa wengine huonekana vijitundu vyenye maji kwenye tabaka linalofuata, ambamo baipola na amakrini zimo. Madhara basi yanashuka ngazi moja, pengine mbili, kisha yanafifia.

Mwaka 2023, hospitali moja ya chuo kikuu New York ilimpandikizia mtu jicho zima, mara ya kwanza duniani kwa binadamu aliye hai. Jicho lilishika, damu ikapita, na retina ikapimwa ikaonekana inaitikia mwanga. Hakuona. Neva iliyokatwa ya mtu aliyefariki haikuunga na ubongo wa aliye hai. Wapo waliolicheka jaribio hilo, mimi silicheki. Limeonyesha hadharani kwamba jicho laweza kuwa hai na lisione.

Wengine wataniuliza, ikiwa hakuna tiba, haya yote yanamfaa nini baharia? Yanamfaa kwanza asiibiwe. Haikupita muda mrefu akaja mtu nyumbani, mwenye suti, anamfahamu mtu anayemfahamu mtu, anasema kuna nchi wanakodunga seli za mafuta ya tumbo ndani ya jicho na neva inaota. Ukoo ulishaanza kuhesabu mbuzi. Nilimsomea habari iliyochapishwa Machi 2017 katika jarida la madaktari la New England: wanawake watatu wa Florida, wenye ugonjwa wa retina wa uzeeni, walidungwa seli zilizotolewa kwenye mafuta yao, macho yote mawili kwa siku moja, wakapofuka au wakakaribia kupofuka. Yule bwana alikunywa kahawa yake akaondoka. Mtu anayejua kwamba kinachokosekana ni seli za ganglioni zenye nyuzi zinazojua njia ya kwenda ubongoni, haamini kwamba mafuta ya tumbo yatajua njia hiyo.

Yanamfaa pia kulitunza jicho lililobaki. Kwa panya, neva ya jicho moja ikijeruhiwa, maikroglia za jicho la pili nazo hubadilika, ingawa hakuna aliyeligusa. Hiyo si kusema jicho la pili litapofuka. Jicho la kushoto la mdogo wangu linaona vizuri. Lakini mwenye jicho moja anapaswa kupimwa, na kuvaa miwani migumu ya kinga akiwa kazini. Yeye anaivaa chomboni, na vijana wa gatini wamempa jina la rubani.

Ila wengi wanaopoteza seli hizi hapa kwetu hawakugongwa na foromali. Ni presha ya macho. Huu ndio ugonjwa unaoongoza duniani kwa upofu usiorudi, na sisi Waafrika tuko miongoni mwa wanaoupata zaidi na mapema zaidi. Nyuzi zinabanwa pale zinapotoka kwenye jicho, seli za ganglioni zinakufa kidogo kidogo kwa miaka, na seli za Müller, astrosaiti na maikroglia zinabadilika kwa namna ileile niliyoieleza. Hakuna maumivu. Kwanza hupungua kuona kwa pembeni, mtu akajikwaa kwenye baraza au akagongwa na punda kichochoroni, tukamwambia ni uzee. Matone ya kushusha presha huzuia zilizobaki zisifuate, hayarudishi zilizokwenda. Kwa hiyo mgonjwa anayeyaacha kwa kuwa "hayanisaidii, sioni vizuri zaidi" anaacha kitu kinachofanya kazi. Mwenye pumu amwambie daktari kabla ya kupewa timololi, mojawapo ya matone hayo, kwani huweza kumbana kifua.

Na hapa nawasema wenye maduka ya dawa, bila kumtaja mtu. Watoto wetu huwashwa macho, hasa vumbi la kaskazi linapovuma, na mama akiingia dukani hupewa kichupa cha matone yenye deksamethasoni au steroidi nyingine. Kuwashwa hukoma siku hiyohiyo, kwa hiyo kichupa kikiisha anarudi kuchukua kingine, bila cheti na bila kuulizwa. Matone hayo kwa baadhi ya watu hupandisha presha ya jicho ndani ya wiki chache, na yakitumiwa miezi huua neva ya mtoto aliyekuwa na kosa la kuwashwa tu. Nimewafundisha baadhi ya wanaouza. Wanajua ninalolisema.

Swali langu la mwisho nalielekeza kwa wahusika wa afya wa kaunti, na ningefurahi kujibiwa kwenye ukurasa huuhuu. Mgonjwa wa kifua kikuu hupewa miezi miwili ya kwanza dawa nne kwa pamoja, na mojawapo ni ethambutoli, dawa nzuri ambayo kwa watu wachache huumiza neva ya jicho. Dalili ya mapema ni kufifia kwa usomaji na kuchanganya nyekundu na kijani, na ikigunduliwa mapema dawa ikasimamishwa na daktari, wengi hupata nafuu. Je, katika zahanati za Pate, Kizingitini na Kiunga, mgonjwa husomeshwa ubao wa herufi na kuonyeshwa rangi kabla ya kumeza kidonge cha kwanza, na akirudi kuchukua dawa huulizwa habari ya macho yake? Kama hufanyika, naomba tuambiwe. Kama ubao hakuna, gharama yake ni karatasi moja, na nina wanafunzi wa zamani wenye mashine za kuchapa hapa Lamu watakaouchapa wiki hii.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Langoni, Lamu